UZI: Kisumu ipate tume yake ya sanaa, yenye pesa na inayokaa mtaani

Jukwaa la Mtaa (mwanzisha uzi)

Wapenzi wa sanaa wa Kisumu, Nakuru, Kakamega na kwingineko, hamjambo. Uzi huu ni mrefu, tafuteni pa kuketi.

Mimi ni mtu wa jukwaa. Nafundisha kundi la maigizo la vijana hapa Manyatta, na muhula wa mitihani ukikaribia tunazunguka shuleni kuwaigizia watahiniwa vitabu vya fasihi. Miaka yote niliyokaa kwenye kazi hii nimeona wasanii wakikumbukwa kwa sababu moja: kuna mgeni anakuja. Simu inapigwa usiku wa kuamkia siku yenyewe. Mnatakiwa uwanjani alfajiri na sare zenu, mnapigwa na jua hadi adhuhuri msafara ufike, mnacheza dakika chache huku mheshimiwa akisalimiana na watu, kisha mnapewa soda na nauli. Malipo yenyewe, leteni karatasi ofisini. Kuna ofisi moja tuliyoifanyia kazi ikatuzungusha kwa cheti cha kodi, LPO (hati ya ofisi ya kuagiza kazi), risiti ya mashine na akaunti ya kundi, na mwisho fomu ikarudishwa kwa sababu jina letu kwenye cheti cha usajili halikufanana herufi kwa herufi na lile la benki. Vijana waliocheza siku ile, baadhi yao leo wanaendesha boda. Walikuwa waigizaji wazuri sana.

Hoja yangu ni hii. Jiji letu linahitaji tume ya sanaa: chombo cha kudumu, kilichoundwa kwa sheria ya kaunti, chenye fungu lake kwenye bajeti, na ambacho kazi yake ni kumlipa msanii afanye kazi mwaka mzima pale watu wanapoishi. Sherehe ziendelee, sizipingi. Lakini sherehe ni ya siku moja, na mtu hawezi kukuza kipaji kwa siku moja.

Wala asitokee mtu akatuambia twende Nairobi tukaombe. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliwapa kaunti shughuli za utamaduni na burudani za umma, pamoja na maktaba, makumbusho na majumba ya sinema. Ibara ya 11 inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa na inaitaka serikali ikuze sanaa. Jukumu liko hapa hapa nyumbani. Tatizo ni kwamba utamaduni umebanwa ndani ya idara moja na michezo, vijana, jinsia au utalii, kulingana na kaunti, na pesa zikipungua wa kwanza kukatwa ni sisi.

Miji mingine ilishaliona hili zamani. San Francisco ina tume ya sanaa tangu 1932. Seattle iliunda yake 1971, na mwaka 1973 ikapitisha sheria kwamba asilimia 1 ya pesa za miradi ya ujenzi ya jiji itengwe kwa sanaa ya mahali pa umma. Philadelphia ilitangulia na mpango kama huo 1959. Nilichokipenda zaidi kwao si ukubwa wa pesa, ni utaratibu wa kuchagua. Maombi yanasomwa na jopo la wasanii na wakazi, si na bosi wa idara. Jopo linabadilishwa kila mara. Mwenye ndugu au kundi lake kwenye orodha anatoka nje ya chumba. Mwishoni linatangazwa jina la aliyepewa na kiasi alichopewa, kila mtu asome.

Hapa kwetu ningependa tume ianze na mambo machache yanayoshikika. Ruzuku ndogo kwa makundi na kwa msanii mmoja mmoja, zilipwe sehemu kubwa mwanzoni, maana kundi halina mtaji wa kununua mbao na vitambaa likisubiri kulipwa mwaka ujao. Kumbi za mitaa zifunguliwe. Na majengo ya umma yatengewe sanaa, asilimia 1 kama ya Seattle, tangu siku ya kuchorwa ramani.

Naomba maoni, hasa ya wanaopinga.

---

Kijana wa Kondele

Naunga mkono asilimia mia. Ila nauliza, sisi wa kurekodi muziki chumbani kwa kompyuta na kipaza sauti kimoja tumo? Kila nikisikia "utamaduni" naona sketi za makonge na ngao.

---

Jukwaa la Mtaa

Mumo, ndugu yangu. Muziki wako wa chumbani ni utamaduni wa Kondele ya leo. Ndiyo maana nataka jopo liwe na watu wa umri wako, anayejua kipaza sauti kinagharimu nini na umeme ukikatika katikati ya kazi unapoteza nini.

---

Mkazi wa Milimani

Mwanzisha uzi, nakuheshimu, lakini nitasema ukweli wangu. Juzi nilimpeleka mama hospitali ya umma, dawa tukaambiwa tukanunue nje. Barabara ya kwetu mvua ikinyesha ni mto. Halafu tuunde tume nyingine, tulipe wakubwa wengine posho za vikao, ili watu wacheze ngoma? Sanaa ni nzuri, lakini kwanza maji, dawa na barabara. Mtu mwenye njaa hachezi.

---

Jukwaa la Mtaa

Ahsante kwa kusema wazi, na pole sana kwa mama. Hili ni pingamizi zito na nataka kulijibu polepole.

Kwanza, ile asilimia 1 haitoki kwenye dawa. Inatoka ndani ya pesa za ujenzi ambazo tayari zimeshaamuliwa kujenga. Chukua mfano wa soko la shilingi milioni 100. Asilimia 1 ni milioni 1. Soko litakuwa na lango hata hivyo, na lango litalipiwa hata hivyo. Tofauti ni kwamba badala ya mkandarasi kuleta geti la kawaida, kazi inapewa mafundi wa vyuma wa Kibuye pamoja na mchoraji, wanatengeneza lango ambalo mama muuza omena akifika anajua hapa ni kwake. Pesa ileile imebaki mtaani, imelipa karo hapo hapo Manyatta au Obunga.

Pili, posho. Hapo niko na wewe kabisa. Tume ikigeuka mahali pa kupumzishia walioshindwa uchaguzi, nitakuwa wa kwanza kuandamana. Lakini idara iliyopo sasa inatumia pesa za sanaa bila jopo na bila kutangaza nani kapewa nini. Kukosa tume hakujatuokolea hata shilingi.

Na tatu, kuhusu mwenye njaa. Wanaonijia jioni kufanya mazoezi wengi hawajala chakula cha mchana. Wanakuja. Wanashika maneno yao, wanarudia tukio hadi giza linaingia. Sipendi njaa yao itumiwe kuwanyima kitu kimoja wanachokifanya vizuri kuliko watu wengi wa mji huu.

---

Dada wa Nyalenda

Naingilia hapo kwenye kumbi. Binti yangu alicheza ngoma tangu darasa la nne, na shule yao ilifika mashindano ya muziki ya kitaifa. Hayo mashindano ya shule yapo tangu 1927, tunajua kuandaa watoto, hilo hatuna shida. Shida ni siku anamaliza kidato cha nne. Jumatatu yake hana mwalimu, hana sare, hana jukwaa. Imekwisha.

Mtaani kwetu kuna ukumbi wa zamani wa baraza la mji. Sitautaja. Jukwaa la saruji liko, pazia hakuna, viti vimeng'olewa. Nusu yake inatumika kama stoo ya vibanda vilivyobomolewa. Ufunguo uko kwa mtu ambaye lazima umpigie simu, na ukimpata anakutajia bei ya mkutano wa harusi. Kwa hiyo wasichana wanafanyia mazoezi uwanja wa wazi, wavulana wamejipanga ukutani wanatoa maneno, na ikifika saa kumi na mbili naogopa, namwita nyumbani.

Mimi tume ikinifungulia ukumbi ule, ikaweka taa, choo kinachofungika na mlinzi mwanamke, sitaki jambo lingine mwaka wa kwanza.

---

Jukwaa la Mtaa

Dada, umesema kitu ambacho sikukiweka kwenye hoja yangu na kinastahili kuwa juu. Choo kinachofungika na taa. Nitakiandika hivyo hivyo kwenye memoranda, yaani maombi ya maandishi tutakayoyapeleka bunge la kaunti.

---

Nakuru Yetu

Nawasalimu kutoka Nakuru. Sisi tumepewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, kwa hiyo bado tuna moto wa ugeni. Mkubali msikubali, kwa jukwaa tumewazidi: tuna Players Theatre ya tangu ukoloni, na vizazi vya waigizaji wamepita pale.

Lakini ukumbi mmoja katikati ya mji hautoshi. Kijana wa Kaptembwa akilipa matatu kwenda na kurudi, na ada ya ukumbi, mchezo umeshamshinda kabla haujaanza. Wengi mazoezi ni Nyayo Gardens, kwenye nyasi, na askari wa jiji akiamka vibaya mnaondoka. Ninachouliza ni hiki: kwa nini tume ya jiji? Sanaa nyingi ya kaunti ya Nakuru iko nje ya jiji, iko Molo, Naivasha, Subukia. Mkiweka tume ya jiji mtawasahau watu wa mashambani.

---

Ngoma Tatu

Hapo Nakuru umenigusa, naandika kutoka Shinyalu, Kakamega.

Isukuti, ngoma yetu ya asili, iliandikwa na UNESCO mwaka 2014. Watu wengi wakisikia hivyo wanashangilia kama tumeshinda kombe. Iliandikwa kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Maana yake ni kwamba iko hatarini. Sababu ziliandikwa waziwazi: wajuzi wamezeeka na hawapati wa kurithi, hakuna pesa wala vifaa vya kutengeneza ngoma na mavazi, na watu siku hizi wanaona heri walipie burudani za kisasa. Nyinyi wa Kisumu pia mnao ugonjwa huu. Mila za Kit Mikayi, ule mwamba mtakatifu kule Seme, ziliingizwa kwenye orodha hiyohiyo mwaka 2019.

Nieleze kwa asiyejua. Isukuti si ngoma moja, ni tatu: kubwa, ya kati na ndogo, na kila moja ina neno lake la kusema. Huwezi kujifunza ndogo peke yako kwenye simu, kwa sababu ndogo inajibu kubwa. Kuna pembe ya swala, kuna njuga, kuna mwimbishaji anayeongoza na watu wanaitikia. Kabla ya kuanza tunaweka ngoma karibu na moto ngozi ikaze. Mzee anaipiga kidole, anasikiliza, anairudisha motoni, anaipiga tena. Kijana akikaa karibu na mzee huyo mwaka mzima ndipo anajua ni lini ngozi imeiva. Sasa niambieni, ni mradi gani wa serikali unaomlipa mzee huyo kwa kukaa na kijana mwaka mzima? Hakuna. Upo unaomlipa kupiga dakika kumi uwanjani Bukhungu, mgeni akija.

Kwa hiyo tume iwe ya jiji au ya kaunti, kwangu si hoja. Iwe na kifungu cha mwalimu na mwanafunzi wake. Mzee alipwe kila mwezi, kijana apewe nauli na chakula, na mwisho wa mwaka wapige mbele ya kijiji chao, kijiji ndicho kiseme kama amefuzu.

---

Fundi wa Nyatiti

Ngoma Tatu, mkono wako nakupa. Mimi nachonga nyatiti, kinanda cha nyuzi cha Waluo. Nyuzi ni nane. Zamani zilikuwa kano za ng'ombe, leo nanunua nailoni kwenye duka la wavuvi, ileile ya kuvulia. Ngozi ya ng'ombe naitandika ikiwa mbichi, inakaukia juu ya mti. Mpigaji anakaa chini kwenye kigoda, gara, yaani njuga, mguuni, pete ya chuma, oduong'o, kwenye kidole gumba cha mguu, anagonga nayo mti huku vidole vikicheza nyuzi. Ni mtu mmoja anayefanya kazi ya bendi nzima.

Wateja wangu wengi sasa ni wageni wanaotaka kutundika ukutani. Nashukuru, nakula kwa hiyo. Lakini ninachochonga kwa ajili ya ukuta sikichongi kama cha kupigwa, sauti yake hainishughulishi sana, na mwanafunzi wangu anajifunza hicho cha ukutani kwa sababu ndicho kinauzika. Shule kumi tu zikinunua nyatiti za kupigwa, kwa pesa za tume, mwanafunzi wangu atajifunza kazi kamili.

---

Jukwaa la Mtaa

Nimesoma haya mawili mara kadhaa. Hii ndiyo sababu nasema mwaka mzima na si siku moja.

Nakuru Yetu, swali lako ni la haki. Nimeanzia jijini kwa sababu jiji lina bodi yake chini ya Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011, na sheria hiyo inawapa wakazi baraza la kujadili mambo ya mji wao. Pa kushika pako tayari. Lakini mfuko wenyewe ukiwa wa kaunti nzima, na jopo la Seme likaamua ya Seme, sina shida. Kwenu jopo la Molo likae Molo.

Sasa nataka kuingia kwenye upande ambao hatujaugusa, wa wakazi wasio wasanii. Mnakumbuka Agosti 2014? Jumuiya ya Wasikh wa mji huu ilikuwa imejenga mnara kuadhimisha miaka mia ya hekalu lao. Vijana wakauvamia, wakauangusha, baadhi wakidai ni sanamu ya kishetani. Kitendo kile kilikuwa kibaya na kiliwaumiza majirani zetu ambao wazee wao wamo katika historia ya mji huu tangu siku za reli. Silaumu waliojenga. Ninachosema ni kwamba hapakuwa na chombo cha jiji ambacho kazi yake ilikuwa kuwakalisha pamoja watu wa mtaa na waliojenga, wiki kadhaa kabla saruji haijamwagwa, mtu akaeleza alama ile ni nini na kwa nini iko pale, na mama wa pale akauliza maswali yake hadi akaridhika.

Hiyo kwangu ni kazi kubwa ya tume kuliko hata ruzuku. Kabla ya sanamu, mchoro au jina kuwekwa mahali pa umma, mchoro mdogo uende mtaani. Ubandikwe sokoni, kanisani, msikitini, kwenye kituo cha boda. Mkutano ufanyike Jumapili alasiri, wakati ambao mwenye kibanda anaweza kuja, uendeshwe kwa Kiswahili na Dholuo, na msanii mwenyewe asimame aulizwe. Nimeendesha maigizo mtaani ambapo baada ya onyesho watu wanabaki wakijadiliana na wahusika. Bwana mmoja aliwahi kusimama akamwambia mwigizaji wangu aliyecheza baba mlevi, "Wewe umenifuata nyumbani." Alikaa chini, mkewe akaendelea kuongea mahali pake. Hakuna hotuba ya afisa iliyowahi kufanya hivyo pale Manyatta.

---

Mkazi wa Milimani

Bado sijakubali kila kitu, lakini hilo la kubandika mchoro sokoni kabla ya ujenzi nalikubali. Lingeokoa mambo mengi, hata ya masoko yenyewe. Swali langu lililobaki: nani anachagua makamishna? Tukiacha kwa gavana tu, tumekwisha.

---

Karani Mstaafu

Nimekuwa nasoma kimya. Nilifanya kazi ya makaratasi ya bajeti kwenye kaunti moja ya magharibi hadi nikastaafu, kwa hiyo nitazungumzia lile ninalolijua.

Wasanii huwa mnachelewa. Mnakuja kwenye mkutano wa maoni ya umma mwezi wa Mei mkiwa na ngoma na mabango, na mnasikilizwa kwa adabu, na hakuna kinachobadilika, kwa sababu kufikia Mei vyungu vimeshagawanywa. Shikeni kalenda. Mpango wa maendeleo wa mwaka lazima ufike bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba. Mkikosa kuwemo mle, mradi wenu hauna mahali pa kusimama. Kisha kuna ule waraka wa mkakati wa fedha, mwisho 28 Februari, ambao ndio unaoweka kila idara ipate kiasi gani. Makadirio yenyewe yanaingia bungeni kabla ya 30 Aprili, na mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Kwa hiyo mwezi wenu ni Agosti. Mnaweza kubishana na mtu kuhusu pesa ambayo hajaiandika. Akishaiandika mnabishana na karatasi.

Kuhusu mfuko: Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inamruhusu waziri wa fedha wa kaunti kuanzisha mfuko maalumu akipata idhini ya baraza la mawaziri wa kaunti na bunge la kaunti. Mifuko ya basari mingi ilizaliwa kwa njia hiyo. Uzuri wake kwa Mkazi wa Milimani ni kwamba kanuni zinataka gharama za uendeshaji zisizidi asilimia 3 ya bajeti ya mfuko. Hapo hakuna nafasi ya magari na safari. Wekeni sekretarieti ndogo ndani ya idara iliyopo, makamishna wasiwe na mshahara.

Nani achague? Mimi ningeandika kwenye mswada kwamba makundi yaliyosajiliwa yapendekeze majina, bunge la kaunti liyahoji hadharani, gavana ateue kutoka orodha hiyo tu. Kila mmoja akae muhula mmoja tu, na nusu yao watoke mapema ili wote wasiondoke siku moja. Na asiyetoka chama chochote asipate pigo kwa hilo.

Halafu jambo dogo ambalo limeua miradi mingi: usajili. Kundi lisiloandikishwa chini ya Sheria ya Usajili wa Makundi ya Kijamii ya 2022 halitalipwa hata mfuko ukiwa umejaa. Nendeni mkasahihishe majina yenu sasa, cheti na benki visomeke sawa. Naona mwanzisha uzi anajua uchungu wake.

---

Mwanasheria Kijana

Mzee Karani, shikamoo, umetufaa sana. Naongeza moja kwa wachoraji na watunzi, tafadhali lisomeni vizuri.

Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya, kazi ikiagizwa na mtu ambaye si mwajiri wako, haki ya kazi hiyo huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Kwa hiyo ukichora ukuta wa soko kwa agizo na mkataba ukakaa kimya, picha yako ikitokea kwenye kalenda na fulana huenda huna la kudai. Jina lako kutajwa kama mchoraji ni haki nyingine, hiyo hubaki kwako. Tume inayowapenda wasanii ingekuwa na mkataba wa kawaida unaosema haki inabaki kwa msanii, na jiji linapewa ruhusa ya kuionyesha na kuitangaza. Sentensi mbili tu kwenye karatasi.

Na kwa Ngoma Tatu na Fundi: Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Maonyesho ya Kitamaduni ya 2016 inazitaka serikali za kaunti ziwe na rejista ya vitu kama Isukuti na mila za Kit Mikayi. Rejista ikiandikwa vizuri na wenyewe, kampuni ikitaka kutumia ngoma zenu kwenye tangazo inajua ni jamii gani ya kwenda kuzungumza nayo. Tume ipewe kazi ya kukaa na wazee na kuijaza.

---

Ngoma Tatu

Rejista sawa, lakini ijazwe kijijini, si hotelini. Wazee wetu wameitwa semina nyingi mjini, wakarekodiwa, wakapewa chai, na zile rekodi hatujaziona tena.

---

Jukwaa la Mtaa

Ngoma Tatu, nakala ya kila rekodi ibaki kijijini, kwa shule au kwa chifu. Nimeiandika.

Basi nikusanye tulipofika ili tusonge. Memoranda itaenda kwa bunge la kaunti na kwa bodi ya jiji kabla Agosti haijaisha. Ndani yake: mfuko wenye ukomo wa asilimia 3 ya uendeshaji kama alivyosema Mzee Karani, asilimia 1 ya miradi ya ujenzi, jopo linalotangaza majina na kiasi, mwalimu na mwanafunzi mwaka mzima, kumbi za mitaa, kwa maneno ya Dada wa Nyalenda, taa na choo na mlinzi mwanamke, mchoro kupelekwa mtaani kabla ya ujenzi, mkataba wa haki. Kijana wa Kondele, nakuomba uandike ukurasa mmoja kuhusu wanaorekodi majumbani, wanahitaji nini na kwa bei gani, usiniachie mimi niwaseme.

Naomba kila mmoja wa Kisumu aandike hapa chini wadi yake na kama kuna ukumbi wa umma: uko wazi, umefungwa, au umegeuzwa nini. Tukifika bungeni na orodha ya kumbi, wadi kwa wadi, mwakilishi wadi atatafuta ya kwake kwanza, na hapo atakuwa ameshaanza kusoma.

---

Dada wa Nyalenda

Wetu: umefungwa, nusu stoo. Nitaenda kesho kupiga picha ya kufuli.

---

Kijana wa Kondele

Ukurasa mmoja nitauleta Ijumaa.

---

Mkazi wa Milimani

Huku kwetu hakuna ukumbi wa umma kabisa, kuna vilabu vya wanachama. Liandikeni hilo pia. Na mkihitaji mtu wa kusoma hesabu za memoranda kwa jicho la mpinzani, nipo.

---

Karani Mstaafu

Mkipeleka, pelekeni nakala mbili. Moja mnaiacha, ya pili wanaigonga muhuri wa kupokelewa na tarehe, mnaondoka nayo. Msikubali kuambiwa mrudi kesho kuchukua muhuri. Kaeni kwenye benchi hapo hapo mpaka ugongwe.